Kupiga makasia chuoni Cambridge: mwongozo wa anayeanza, kuanzia Oktoba hadi mbio za kugongana

Ukipata nafasi ya kusoma Cambridge, wiki yako ya kwanza hapo utakutana na kijana aliyevaa koti lenye rangi za chuo chake, amesimama kando ya mashine ya makasia, akikuuliza kama ungependa kujaribu. Wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki humpita. Tunaamini huo ni mchezo wa watoto waliosomeshwa kwenye shule za bweni za gharama, waliokua wakiushika tangu utotoni. Kwa ile mashua ya chuo kikuu inayopambana na Oxford kule London kila mwaka karibu na Pasaka, imani hiyo ina ukweli. Lakini Cambridge imeundwa na vyuo vingi vidogo, na karibu kila kimoja kina klabu yake ya makasia. Kwenye klabu hizo, kila Oktoba, mashua nzima nzima hujazwa watu ambao hawajawahi kushika kasia maishani. Miezi mitano baadaye watu haohao wako mtoni wakishindana, huku ukingo mzima unapiga kelele.

Nimewaona vijana wa kwetu wakimaliza miaka mitatu Cambridge bila kugusa maji, kisha wakajuta. Ndiyo maana naandika mwongozo huu, hatua kwa hatua, kwa anayeanza kabisa.

Kwanza ujue unakokwenda. Mto Cam ni mwembamba. Mashua mbili ndefu haziwezi kushindana ubavu kwa ubavu, kwa hiyo tangu mwaka 1827 wanafunzi hupangwa kwa mstari, mashua moja nyuma ya nyingine, na mzinga ukilia kila mashua humfukuza aliye mbele huku ikimkimbia aliye nyuma. Ukimgusa wa mbele, kesho yake unachukua nafasi yake. Hizo ndizo mbio za kugongana. Zipo za aina mbili: Lent Bumps, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na May Bumps, ambazo licha ya jina lake hufanyika Juni, mitihani ikiisha. Kila hatua hapa chini inakupeleka huko.

Hatua ya kwanza: hakikisha unajua kuogelea

Hili lifanye kabla hujapanda ndege. Klabu haitakuruhusu kuingia kwenye mashua hadi uthibitishe kwamba unaweza kuogelea, kwa kawaida mita 50 ukiwa na nguo nyepesi mwilini, na kukaa majini bila kushika kitu kwa muda kidogo. Kama hujui, tafuta bwawa na mwalimu miezi kadhaa mapema. Kama umekulia Pemba au Kilwa na unaogelea tangu ukiwa mdogo, bado soma aya inayofuata, kwa sababu maji utakayokutana nayo huko si yale uliyoyazoea.

Mwezi wa Januari maji ya Cam huwa na nyuzi chache tu juu ya kuganda. Mtu akianguka humo, kifua hubana ghafla na pumzi hutoka mbio kabla hajajua kilichotokea. Sekunde za kwanza ndizo mbaya zaidi: usihangaike, usipige mbizi, shika kitu kinachoelea na usubiri pumzi itulie. Kisha ukumbuke kanuni utakayofundishwa siku ya kwanza, usiivunje hata kama ukingo unaonekana upo karibu: kaa na mashua yako. Mashua za mashindano zina vyumba vya hewa na huelea hata zikijaa maji. Anayeiacha akaanza kuogelea peke yake ndiye anayepotea.

Hatua ya pili: jiandikishe, na uulize maswali mapema

Muulize kapteni mambo ya wazi: ada ya mwaka ni kiasi gani, mazoezi ni siku zipi, nani atawafundisha wapya, na ni vifaa gani vya lazima. Hili la mwisho ni muhimu kwa anayeishi kwa ufadhili. Mashua, makasia na mashine ni mali ya klabu. Muhula wa kwanza huhitaji kununua chochote zaidi ya nguo za mazoezi ulizonazo, na ukiambiwa ununue sare kabla hujajua kama mchezo utakufaa, omba kusubiri.

Mazoezi huanza alfajiri, saa kumi na mbili au hata kabla, kwa sababu mihadhara huanza saa tatu asubuhi na wahadhiri hawatakusubiri. Novemba na Desemba utapiga makasia gizani, mashua ikiwa na taa mbele na nyuma.

Kuhusu mavazi, jambo moja tu: yabane mwili. Kiti unachokalia kina magurudumu na huteleza juu ya reli mbili, na shati linaloning'inia nyuma hunaswa humo. Dada anayevaa hijabu asiwe na wasiwasi. Hijabu ya michezo, suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu chini ya sare vinakaa vizuri na havizuii mwendo. Glavu achana nazo. Malengelenge yatatoka viganjani, yatapasuka, na baada ya wiki chache ngozi itakuwa ngumu. Yaoshe, yakaushe, yafunge kwa plasta ya kitambaa, uendelee.

Fikiria pia kiti cha tisa. Mashua ya watu wanane ina mtu wa tisa, mshika usukani, anayekaa nyuma kabisa akiwatazama wenzake usoni. Yeye peke yake ndiye anayeona mashua inakokwenda. Wembamba unasaidia, na kwenye mashindano ya kimataifa mwenye chini ya kilo 55 huongezewa mzigo hadi ifike hapo, lakini kinachotakiwa hasa ni utulivu wa kichwa na sauti isiyotetereka. Mwanamke anaweza kuongoza mashua ya wanaume, na mwanamume ya wanawake. Kama wewe ni mtu wa kuamua haraka na kuwatuliza watu, hiki ndicho kiti chako, na klabu nyingi huwa zinawatafuta watu wa aina hiyo.

Hatua ya tatu: tulia kwenye mashine kabla ya maji

Wapya hupelekwa kwanza kwenye mashine ya makasia ya ndani. Hapa ndipo mwendo unapojengwa au kuharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwendo una sehemu nne. Unaanza ukiwa umekunja magoti, mikono imenyooka mbele, mgongo umeinama kidogo kutoka kiunoni. Hapo kasia linaingia majini. Kisha unasukuma kwa miguu. Sema neno hilo moyoni kila mara: sukuma. Anayeanza hufikiri anavuta kwa mikono, na akivuta kwa mikono hupoteza nguvu kubwa kuliko zote alizo nazo, ya mapaja. Miguu ikikaribia kunyooka, ndipo mgongo unafunguka kuelekea nyuma, na mwisho kabisa mikono inaleta mpini chini ya kifua. Miguu, mgongo, mikono. Kurudi ni kinyume chake: mikono inatoka kwanza, mwili unafuata kuinama mbele, magoti yanakunjwa mwisho. Ukikunja magoti kabla mikono haijavuka, utalazimika kuurusha mpini juu ya magoti, na kwenye mashua ya kweli hilo linawayumbisha watu wote wanane.

Kusukuma kuwe kwa haraka, kurudi kuwe kwa polepole. Wapya wengi hufanya kinyume, wanakimbilia mbele kana kwamba wanachelewa. Pumzika wakati wa kurudi. Hakuna mapumziko mengine.

Pembeni ya feni la mashine kuna wenzo wenye namba 1 hadi 10. Usiupandishe hadi 10 ukidhani ndiyo nguvu. Unabadilisha tu uzito wa hisia, kama gia za baiskeli. Weka 3 hadi 5 uendelee. Kwenye kioo, namba kubwa inakuonyesha muda ambao ungetumia kwenda mita 500 kwa mwendo ulio nao. Ukishika 2:00 bila kubadilika, mita 2,000 zitakuchukua dakika 8. Ukishika 1:45, dakika 7 kamili.

Siku moja utaambiwa ufanye jaribio la mita 2,000. Usianze kwa hasira. Mita 300 za kwanza utajiona hodari, na hapo ndipo watu wanapojimaliza. Chagua mwendo unaoamini unaweza kuushika, anza polepole kidogo kuliko huo, hata kwa sekunde mbili kwa kila mita 500, na kuanzia mita ya 1,200, pale kila kiungo kinapokuomba uache, hesabu mapigo ya kasia kumi kumi. Kumi, kisha kumi tena. Mita 300 za mwisho toa chochote kilichobaki.

Hatua ya nne: ijue mashua

Mashua ya wanane ina urefu wa takriban mita 18 na upana ambao mtu mmoja anakaa kwa shida. Kwenye mashindano ya kimataifa uzito wake hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 96, bila makasia wala watu. Mtaibeba mabegani ninyi wenyewe kutoka bandani hadi majini, kwa amri ya mshika usukani, na wakati huo asiyehusika afunge mdomo. Ngozi ya mashua ni milimita chache tu za nyuzi za kaboni. Ukiingia, kanyaga pale tu palipowekewa alama kati ya reli. Ukikanyaga pengine mguu unaweza kutokea upande wa pili.

Viti vinahesabiwa kuanzia omo. Namba 1 yuko mbele kabisa, namba 8 yuko karibu na tezi, yaani nyuma ya mashua, akimtazama mshika usukani. Ninyi nyote mnaangalia tezi, yaani mnakwenda kinyumenyume. Kila mtu ana kasia moja refu, la karibu mita tatu na robo tatu, lililokaa kwenye kileti, yaani kishikio chake, kwenye ncha ya mkono wa chuma unaotoka ubavuni. Namba 8 ndiye anayeweka mpigo, na wengine wote wanaufuata. Wa katikati, 3 hadi 6, mara nyingi ni wenye miili mikubwa. Wa omoni huwa wepesi na wenye mkono wa adabu, kwa kuwa omo ndiyo inayoyumba zaidi.

Kabla ya kusukuma kutoka ukingoni, kila mtu akague sehemu yake. Je, kileti kimefungwa na kukazwa? Viatu vimegongomewa kwenye kikanyagio, na visigino vyake hushikiliwa na kamba fupi ili mashua ikipinduka miguu itoke yenyewe. Je, kamba hizo zipo na hazijakatika? Wa omoni aangalie kile kitufe cheupe cha mpira kwenye pua ya mashua. Bila hicho, mashua iendayo kasi ni mkuki.

Hatua ya tano: majini, na kujifunza kuwa wanane

Siku za mwanzo mtapiga wanne wanne, huku wanne wengine wakilaza mabapa ya makasia juu ya maji ili mashua isiyumbe. Itayumba hata hivyo. Utachoka bila kufika popote, maji yatakurukia usoni, na utashawishika kumlaumu wa mbele yako. Vumilia.

Sasa lipo jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote yaliyomo humu. Mashua haiendi kwa nguvu ya mwenye nguvu. Nimeona vijana wenye miili ya kuogopesha, wenye namba nzuri ajabu kwenye mashine, wakipitwa na mashua ya wembamba waliopiga kwa pamoja. Ukiwahi robo sekunde kuzamisha kasia, unaishtua mashua. Ukichelewa, unakuwa mzigo ambao wenzako saba wanauburuta. Wanaotwanga watatu kwenye kinu kimoja wanalijua hili: anayekuwa na haraka kuliko wenzake hugonga mchi wa mwenzake, na nafaka haisagiki.

Kwa hiyo usitazame kasia lako. Tazama mgongo wa aliye mbele yako, hasa bega la upande wa kasia lake, na uende naye. Kisha fungua masikio. Mapigo yakienda sawa, viletini husikika mlio mmoja tu, makasia yote yakigeuzwa kwa wakati mmoja. Milio miwili ni dalili kwamba kuna aliyewahi au kuchelewa. Wakati wa kurudi, kama wote mmetulia, utasikia maji yakibubujika chini ya mashua. Kocha mzuri atawanyamazisha wote msikilize.

Utaponyokwa na kasia pia. Bapa likiingia majini upande upande, maji hulinasa na mpini huja kifuani kwa nguvu ya mashua nzima. Usipambane nao. Lala nyuma, uache mpini upite juu ya kichwa chako, mshika usukani atasimamisha, utalirudisha. Hutokea kwa kila mtu, hata kwenye Olimpiki.

Amri mbili uzijue usingizini. Ukisikia "easy there", acha kupiga baada ya pigo hilo na utulize kasia. Ukisikia "hold it up", zamisha bapa wima majini ulishikilie kwa nguvu zote, maana kuna hatari mbele ambayo wewe huioni. Usigeuke kutazama. Usiulize. Tii kwanza.

Cam una watu wengi: mashua za vyuo vingine, mashua za watu wanaoishi majini, wavuvi wenye ndoano, mabata maji wenye hasira. Klabu zote zinafuata bendera inayotangazwa kila siku kulingana na mkondo wa maji. Kijani ni ruhusa, njano ina masharti, nyekundu ina maana mto umefungwa. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, usilalamike kurudishwa kwenye mashine.

Hatua ya sita: mashindano ya muhula wa kwanza

Kabla ya Krismasi wapya wana mashindano yao wenyewe, na uyaingie yote. Queens' Ergs ni ya ndani, kwenye mashine, watu wanane wakipokezana huku ukumbi mzima unapiga kelele hadi huisikii pumzi yako. Emma Sprints ni ya masafa mafupi na watu huvaa mavazi ya ajabu ajabu. Mwisho wa muhula ni Fairbairn Cup ya chuo cha Jesus, ambapo mashua zinaondoka moja moja na kupimwa kwa saa. Jina ni la Steve Fairbairn, Mwaustralia aliyefundisha hapo na ndiye aliyesisitiza kwamba miguu na kiti cha kuteleza ndiyo injini. Huyohuyo alianzisha mwaka 1926 mbio kubwa za Mto Thames ambazo hadi leo zinakusanya mamia ya mashua.

Kwenye mbio za saa, kosa la kawaida ni kupiga mapigo mengi mafupi. Piga machache, marefu, yenye nguvu.

Hatua ya saba: Januari na Februari

Huu ndio wakati mgumu. Baridi imekaza, baadhi ya mlioanza nao wameacha, na kapteni anapanga mashua ya Lent Bumps. Ukipangwa mashua ya pili au ya tatu, nenda. Mashua ya tatu yenye watu wanaokuja mazoezini kila mara huwa na furaha kuliko ya kwanza yenye ugomvi. Mashua za chini kabisa hulazimika kwanza kushinda mbio za kufuzu, siku chache kabla, ndipo zipate nafasi kwenye mstari.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, palepale penye Lent Bumps. Usilifiche jambo hili hadi wiki ya mbio. Zungumza na kapteni Januari. Mazoezi ya alfajiri muda mfupi baada ya daku yanawezekana kwa wengi, mazoezi mazito ya mashine yahamishiwe baada ya futari, na kwa siku za mbio, ambazo huwa mchana, wewe ndiye utakayepima mwili wako. Wengine huchagua usukani kwa mwezi huo, ambao hauhitaji maji mdomoni kila dakika. Kapteni mwenye busara atakusikiliza. Asiyesikiliza, subiri May Bumps.

Hatua ya nane: siku ya mbio

Kila mashua hushindana siku nne, na mashua zimegawanywa madaraja ya 17 au 18 kila moja. Mtapiga polepole kutoka mjini hadi karibu na lango la maji la Baits Bite, mgeuke, mjipange ukingoni kila mmoja kwenye kituo chake. Kati ya pua yako na tezi ya aliye mbele kuna nafasi ya mashua moja na nusu tu. Nyuma yako hali ni hiyohiyo, na utamwona anayekufukuza ana kwa ana, maana umeketi ukimtazama.

Mzinga wa kwanza hulia zikiwa zimebaki dakika nne. Vueni makoti, nyamazeni. Mzinga wa pili ni dakika moja. Sasa mshika usukani ameshika mkononi ncha ya mnyororo uliofungwa ukingoni, na msaidizi aliye nchi kavu anaisukuma mashua kwa mti mrefu ili itoke na mnyororo ukaze. Mtu mwenye saa anahesabu kwa sauti: thelathini, ishirini, kumi. Sogea mbele, zamisha kasia, mikono inyooke. Mzinga wa tatu, mnyororo unaachiwa.

Mapigo matano ya mwanzo ni mafupi na makali, ya kuinua mashua. Kisha kumi marefu zaidi. Halafu, na hapa ndipo mbio nyingi hupotea, lazima mshuke kwenye mwendo mnaoweza kuushika. Watu hubaki kwenye kasi ya mwanzo kwa hofu, makasia yanaanza kugongana, na mashua inakuwa nzito. Namba 8 akishusha, shukeni naye wote kwa pigo moja.

Kocha wenu anawafuata kwa baiskeli kwenye njia ya ukingoni, akiwa na filimbi. Filimbi moja: mmebakiza urefu wa mashua moja kumfikia wa mbele. Mbili: nusu. Tatu: robo. Ikilia mfululizo bila kukoma, pua yenu iko ubavuni mwake. Ukiisikia hiyo, kishawishi cha kugeuka kutazama ni kikubwa mno. Usigeuke. Kila anayegeuka huchelewa pigo moja, na pigo moja linatosha kumwokoa aliye mbele. Ukisikia filimbi za klabu nyingine, ni za wanaowafukuza ninyi, nazo pia ziache zipite.

Mshika usukani ana kazi yake kwenye kona. Baada ya First Post inakuja Grassy, kisha kipande kifupi, kisha Ditton, ambako watazamaji hujaa kwa sababu ndiko mashua hugongana au kupanda ukingoni. Ajitahidi kupita ndani ya kona na kugeuza usukani mapema, kwa kidogo. Anayefukuzwa akiona ameguswa au amepitwa ainue mkono mara moja, na anayefukuza asimamishe pale pale. Hakuna sifa ya kuendelea kugonga. Kuna migongo ya watu pale mbele.

Mkigonga, mashua zote mbili zitoke njiani haraka kuwapisha wanaokuja nyuma, kisha mchume majani ukingoni mjipambe nayo mkirudi nyumbani. Na kama mashua mbili zilizo mbele yenu zimegongana na kuondoka, msilegee: aliyekuwa mbele ya hao sasa anapatikana, na mkimfikia mnapanda nafasi tatu kwa siku moja. Msipogonga wala kugongwa hadi mwisho, nafasi yenu haibadiliki. Mashua inayomaliza kileleni mwa daraja lake hurudi kupiga tena siku hiyohiyo mkiani mwa daraja la juu, kwa hiyo anayeikalia nafasi hiyo ale vizuri.

Wanaogonga siku zote nne hustahili kasia lililopakwa rangi za chuo na kuandikwa majina yao. Wanaogongwa siku zote nne hupewa kijiko. Mpangilio wa mwisho wa mwaka huu ndio mwanzo wa mwakani, kwa hiyo nafasi mnayoipigania mnawaachia wadogo zenu.

Hatua ya tisa: kama bado una hamu

May Bumps ndiyo hatua inayofuata. Baada ya hapo milango iko mingi. Mashindano ya vyuo vikuu vyote vya Uingereza hufanyika Nottingham, mita 2,000 kwenye maji yaliyonyooka. Henley Royal Regatta, iliyoanza 1839, ni mashua mbili mbili kwa mita 2,112, na ina vikombe maalumu vya wanafunzi: Temple kwa wanaume, Island kwa wanawake.

Na kuna ile mbio yenyewe dhidi ya Oxford, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1829, ya wanawake ikaanza 1927. Kozi ni kilomita 6.8 za Mto Thames kutoka Putney hadi Mortlake, maji yakiwa yanajaa, na anayejua kuusoma mkondo wa maji kujaa hushinda kwa akili kabla ya misuli. Mwaka 2003 Oxford walishinda kwa futi moja tu baada ya umbali wote huo. Kuingia kwenye mashua hiyo ni kazi ya kila siku kwa mwaka mzima, na wengi wanaochaguliwa walikuwa wazuri kabla ya kufika. Usiufunge mlango huo lakini. Kathleen Noble wa Uganda alikuwa mwogeleaji, akaanza makasia akiwa mwanafunzi wa Princeton, Marekani, na katika michezo ya Tokyo akawa Mganda wa kwanza kushindana makasia kwenye Olimpiki. Alirudi tena Paris mwaka 2024.

Noble alishindana peke yake, akiwa na makasia mawili, moja kila mkono. Waafrika wengi wanaofika Olimpiki hufika kwa mashua ya aina hiyo, maana kukusanya wanane na kununua mashua ndefu ni gharama ambayo nchi zetu nyingi haziibebi. Kwa hiyo kama unapanga kurudi nyumbani baada ya shahada na kuendelea, usiondoke kabla hujajifunza kuendesha mashua ya mtu mmoja. Klabu nyingi za vyuo zina moja au mbili zinazokaa bandani majira yote ya kiangazi. Omba ruhusa mara May Bumps zikiisha, mto unapokuwa mtupu na maji yana joto. Utapinduka siku za mwanzo, na hapo lile jaribio la kuogelea litakufaa.